Wanaoshuka na Wanaopanda Katito

Barabara itokayo Ahero kuelekea Sondu na Kisii hugawanyika Katito. Mkono mmoja unapanda kwenye miinuko ya Nyakach. Mwingine unakata kulia na kufuata ufuo wa Ziwa Viktoria hadi Kendu Bay na Homa Bay. Soko limemea kwenye makutano hayo, yapata kilomita 40 kutoka Kisumu mjini. Matatu inapokaribia, makanga huruka chini kabla magurudumu hayajatulia, akipiga bati kwa kiganja na kuita Sondu kwa sauti iliyokwisha kukauka asubuhi na mapema. Wanashuka watatu: mama mwenye ndoo ya omena, mwanafunzi na sanduku lake la bweni, mzee mwenye bahasha kubwa ya hospitali aliyoikumbatia kifuani. Wanapanda watatu. Gari linaondoka.

Mtu aliyehesabu vichwa ndani ya gari hilo Ahero, akavihesabu tena Sondu, atasema hakuna kilichobadilika: abiria kumi na wanne huko, kumi na wanne hapa. Makanga anajua zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyepokea nauli ya kila aliyeingia na kumfungulia mlango kila aliyetoka.

Umaskini wa Kenya umehesabiwa kwa miaka mingi kama abiria wa matatu hiyo. Tunaambiwa idadi ya waliomo. Ni mara chache tunaambiwa ni nani wameshuka, nani wamepanda, na kituo gani.

Utafiti wa taifa wa 2005/06 kuhusu matumizi ya kaya ulionyesha kwamba Wakenya 46.6 katika kila 100 walikuwa maskini. Utafiti uliofuata, wa 2015/16, ulileta 36.1. Ni hatua kubwa, na waliotoa takwimu hizo walistahili kujivunia. Lakini idadi ya watu ilikuwa imeongezeka pia. Kwa vichwa, maskini walikuwa milioni 16.6 mwanzoni na milioni 16.4 mwishoni. Kati ya tafiti hizo mbili nchi ilijenga barabara kuu, ikaunganishwa na intaneti kwa nyaya za baharini, ikapata Katiba mpya na serikali za kaunti, na uchumi wake ukakua kila mwaka, ingawa kidogo mno ule wa 2008 ambapo ghasia za uchaguzi ziliteketeza hata maduka ya katikati ya Kisumu. Pamoja na yote hayo, gari lilipungukiwa na abiria laki mbili tu.

Ndani ya kipindi hicho, tarehe 30 Septemba 2014, Kenya ilitangazwa kuwa nchi ya kipato cha kati. Wataalamu wa takwimu walikuwa wamebadilisha mwaka wa msingi wa hesabu kutoka 2001 hadi 2009, wakaingiza shughuli zilizokuwa hazihesabiwi vizuri, na pato la taifa likaonekana kubwa kwa asilimia 25 kuliko lilivyodhaniwa. Kazi hiyo ilikuwa halali, na nchi nyingi huifanya. Simu za mkononi, ujenzi, biashara ndogo, vyote vilikuwapo tayari, sasa viliandikwa. Ila siku ya pili yake, Oktoba mosi, mama wa omena pale Katito aliamka akiwa na ndoo ileile na deni lilelile.

Kisha likaja janga la korona. Mwaka 2020 uchumi ulirudi nyuma kidogo tu, chini ya asilimia moja, ukaruka juu kwa zaidi ya asilimia saba mwaka 2021. Maskini hawakuruka nao kwa kasi hiyo. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 39.8 ya Wakenya wote, zaidi ya watu milioni 20.

Ili kuona takwimu hizi zina maana gani kwa mtu mmoja, inafaa kurudi sokoni na kutazama mkebe mmoja. Unaitwa gorogoro. Zamani ulijaa mafuta ya kupikia au siagi ya mkate, wa ukubwa wa kilo mbili. Siku hizi ndio mzani wa nafaka katika sehemu kubwa ya Kenya. Gunia la mahindi la kilo 90 hutoa gorogoro kama 40. Mwuzaji hujaza mkebe mpaka nafaka zifanye kichuguu, mnunuzi naye huzuia zinazomwagika kwa viganja viwili na kusema, "Ongeza kidogo, mama." Mnunuzi mwenye macho huugeuza mkebe kwanza aone kitako chake, kwa sababu upo ujanja wa kukigonga kiingie ndani hadi kifanye tumbo; mkebe huo ukitumiwa, gunia lilelile hutoa gorogoro nyingi zaidi. Asiyeweza kununua gorogoro nzima hununua nusu. Asiyeweza nusu hununua kikombe. Mafuta ya kula hupimwa kwa kifuko, sabuni hukatwa vipande, majani ya chai hufungwa kwenye karatasi ndogo. Wakenya huyaita maisha haya ya kadogo. Anayenunua kadogo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia, na hana la kufanya, kwani kipato chake nacho huja kadogo.

Katika utafiti wa 2015/16, mstari wa umaskini vijijini ulichorwa kwenye shilingi 3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi. Ukigawanya kwa siku 30 unapata shilingi 108. Kwa mstari huo, mama anayeishi kwa shilingi 100 kwa siku ni maskini. Jirani yake anayeishi kwa 120 si maskini, na yeye ni mmoja wa wale ambao taifa linasema limewaokoa. Shilingi 20 ndizo zinazowatenganisha, yaani vikombe viwili vya chai ya kibandani. Mtoto mmoja akishikwa na malaria usiku, pengo hilo linafutika kabla jua halijachomoza.

Wapo watafiti waliolitazama jambo hili kama makanga. Anirudh Krishna, mtaalamu wa siasa na maendeleo, pamoja na wenzake kutoka taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, walikwenda katika vijiji 20 vya magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hawakuanza na mstari wa shilingi. Waliwakusanya wanakijiji na kuwauliza: familia isiyo na kitu ikianza kupata, hufanya nini kwanza? Vijiji vilijibu kwa karibu sauti moja. Kwanza chakula. Kisha nguo. Kisha nyumba isiyovuja, karo ya shule ya msingi, kuku, mbuzi. Halafu kwa kila kaya wakauliza ilikuwa ngazi gani miaka 25 iliyopita na iko ngazi gani leo.

Majibu yalipochapishwa mwaka 2004 yalikuwa ya kusikitisha na ya kutia moyo kwa pamoja. Karibu kaya moja katika kila tano ilikuwa imetoka kwenye umaskini. Karibu kaya moja katika kila tano ilikuwa imeingia. Wale waliotoka walikuwa na sababu zao: ajira ya mjini ya mtu mmoja wa familia, zao la biashara, biashara ndogo. Walioingia walikuwa na sababu nyingine kabisa, na mbili zilitajwa tena na tena, ugonjwa na matanga. Kwa hiyo njia ya kutoka na njia ya kuingia ni tofauti, na serikali inayopanua ya kwanza bila kuifunga ya pili itahesabu abiria walewale miaka nenda miaka rudi. Hilo ndilo jambo ambalo sura hii inataka msomaji alishike.

Nyanza, eneo la Kisumu na Katito, haikuanza mbio hizi mahali pamoja na wengine. Mwaka 1965 serikali ya Jomo Kenyatta ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, uliohusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi. Waziri wa mipango alikuwa Tom Mboya, mwana wa familia ya Rusinga, kisiwa cha Ziwa Viktoria. Ndani ya waraka huo mlikuwa na uamuzi ulioathiri vizazi: fedha za maendeleo zipelekwe pale zitakapozalisha haraka zaidi, kwenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Wengine wangefikiwa baadaye na matunda ya ukuaji. Hoja hiyo ilieleweka katika nchi changa isiyo na fedha. Lakini maeneo yaliyokuwa na barabara na umeme mwaka 1965 ni yale ambayo wakoloni walijiwekea, na waraka ule ukawaongezea waliokuwa nacho.

Julai mwaka huohuo, katika jarida la *East Africa Journal*, kijana mmoja mchumi aliyekuwa amerejea kutoka masomoni Marekani aliandika makala ya kuukosoa waraka huo. Aliuliza ukuaji huo utagawanywa vipi, na uchumi utaendelea kushikwa na mikono michache hadi lini. Jina lake ni Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Alizaliwa Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay. Ukisimama kwenye makutano ya Katito na kukata kulia, hiyo ndiyo njia ya kwao.

Miaka saba baadaye Shirika la Kazi Duniani lilituma ujumbe Kenya, na ripoti yake ya 1972 ikasema mengi ambayo yule kijana alikuwa ameyauliza. Ripoti hiyo pia iliifanya dunia ianze kuzungumza juu ya mafundi na wachuuzi wasio kwenye daftari la serikali, watu ambao Wakenya wamewapa jina zuri zaidi, jua kali. Ndiyo kazi ya karibu kila aliyepo Katito siku ya leo.

Kuhusu nani hufikiwa na maendeleo, tazama umeme. Mto Sondu Miriu huteremka kutoka nyanda za juu za Kericho, na pale kwenye miinuko ya Nyakach maji yake yameingizwa katika handaki na kuangushwa kwenye mitambo. Kituo cha Sondu Miriu, kilichojengwa kwa mkopo wa Japani na kukamilika mwaka 2008, kina uwezo wa megawati 60. Sang'oro kiliongezwa chini yake mwaka 2012, megawati 21. Ni kazi ya kuheshimika, umeme safi usiochoma mafuta. Lakini uliingia kwenye gridi ya taifa, na kwa miaka mingi wakazi wa Nyakach waliutazama ukipita juu ya mapaa ya nyumba zilizowashwa vibatari.

Na upande wa pili wa tambarare, Ahero, umeme umekuwa mzigo. Skimu ya mpunga ya Ahero ilianza mwaka 1969. Mwea, kule Kirinyaga, maji huteremka yenyewe mashambani. Ahero hayateremki. Mto Nyando uko chini ya mashamba, kwa hiyo maji lazima yavutwe kwa pampu, na pampu hunywa umeme unaolipwa na mkulima. Bili zilipolemea, pampu zilinyamaza, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 skimu ilikuwa imelala kabla ya serikali kuifufua. Mto huohuo usioweza kufika shambani bila pampu hufika wenyewe mvua zikizidi: mwaka 2020, Ziwa lilipopanda kuliko lilivyowahi kupimwa hadi wakati huo, maelfu ya watu wa Nyando na Nyakach ya chini walihamia kwenye shule na makanisa.

Haya yakisemwa, ni kosa kudhani kwamba eneo hili halijui kuinuka. Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa. Kabla yake, kijana wa Nairobi aliyetaka kumtumia mama yake fedha Nyakach alimpa dereva wa basi bahasha na kumwomba Mungu. Watafiti Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba huduma hiyo ya simu ilikuwa imeziinua kaya 194,000 za Kenya kutoka kwenye ufukara uliokithiri. Sababu kubwa ilikuwa rahisi: balaa lilipompata mmoja, wengi waliweza kumchangia siku hiyohiyo. Wanawake walinufaika zaidi, na wengi waliacha kutegemea shamba peke yake wakafungua biashara.

Jirani, kaunti ya Siaya, jaribio kubwa zaidi lilifanyika. Shirika la GiveDirectly liliwapa watu fedha bila masharti, takriban dola 1,000 kwa kaya, kwa zaidi ya kaya 10,000, na watafiti wakafuatilia vijiji 653. Waliopewa waliishi vizuri zaidi, jambo lililotarajiwa. Lililowashangaza wengi ni kwamba majirani ambao hawakupewa hata senti nao matumizi yao yalipanda. Mwezeka mabati alipata kazi, mwenye duka akauza, fundi wa vitanda akaajiri msaidizi. Kila dola iliyoingia ilizaa karibu dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo hilo, na bei za bidhaa hazikupanda kwa kiasi cha kuumiza. Waliokuwa wakisema kwamba maskini akipewa fedha atazinywea pombe walipata jibu lao hapo.

Hata hivyo, shirika hilohilo lilipofika Homa Bay mwaka 2015, karibu nusu ya waliofikiwa walikataa. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba fedha za bure zina shetani ndani yake. Wapo waliowacheka. Hawakustahili kuchekwa. Watu walioona miradi ikija na kuondoka na magari yake, na ahadi za kila uchaguzi, wana haki ya kuuliza anayewapa mkono anataka nini.

Lakini fedha za kuinukia hazimfungi mtu asianguke, na hapa inabidi kurudi kwa yule mzee mwenye bahasha.

Mgonjwa wa Nyakach huanzia zahanati, au hospitali ya Pap Onditi. Hali ikiwa mbaya, hupelekwa Kisumu, kwenye hospitali kubwa ambayo jina lake rasmi ni la Jaramogi Oginga Odinga na ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Kenyatta aliifungua Oktoba 1969, miezi mitatu baada ya Mboya kuuawa, na siku hiyo iliishia kwa risasi kufyatuliwa kwenye umati. Mpaka alipofariki mwaka 1978 hakurudi tena Kisumu. Hospitali ikabaki, na imewatibu watu wengi mno. Anayefika pale kutoka Katito huwa ameshalipa nauli ya wawili, mgonjwa na wa kumsindikiza, na siku zote wanazolala huko kibanda chao kimefungwa. Wakiambiwa dawa fulani inanunuliwa nje, kuku wanauzwa. Kisha mbuzi. Ndugu wa Nairobi anatuma alichonacho. Mwishowe huuzwa ng'ombe, na akishauzwa, ngazi ile ya wanakijiji wa Krishna imeteremkwa, hatua kwa hatua.

Mgonjwa akifariki, familia inaingia matanga ikiwa mikono mitupu. Kwa mila, Mjaluo, kama walivyo wengi wa Nyakach, huzikwa nyumbani. Kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Mei 1987 baada ya mahakama kuukubalia ukoo wake umzike kwao, iliwaonyesha Wakenya wote uzito wa jambo hilo. Mwili husafirishwa, turubai hukodiwa, na waombolezaji hulishwa kwa siku kadhaa, mara nyingi kwa ng'ombe wa mwisho. Ni rahisi kwa mtu wa mbali kusema waache mila. Lakini matanga ndiyo mahali ambapo watu huonyeshana kwamba hawataachana, na aliyekulisha jana ndiye atakayekuchangia kesho. Kinachoua familia ni bili ya hospitali iliyotangulia jeneza.

Kisumu iliwahi kuonja namna nyingine. Tarehe 13 Desemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alikuja mjini humo kuzindua Afya Care, majaribio ya matibabu kwa wote katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Ada za hospitali za kaunti ziliondolewa. Watu walijiandikisha kwa wingi na foleni zikarefuka, kwa sababu wagonjwa waliokuwa wakijiuguza nyumbani walijitokeza. Majaribio yalidumu takriban mwaka mmoja.

Tangu Oktoba 2024 nchi ina bima mpya ya afya ya jamii, inayosimamiwa na mamlaka ya SHA na iliyochukua nafasi ya mfuko wa NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi kabla hajauona. Wa jua kali hukadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba na mali yake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na sheria inamtaka alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ulipoonekana ugumu wake, ulibuniwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambamo mtu hukopeshwa mchango wa mwaka na kuurejesha kidogo kidogo.

Mama wa omena ana madeni ya kutosha. Anayepima maisha yake kwa gorogoro na kikombe asidaiwe bima kwa gunia, wala asiongezewe mkopo ili awe na haki ya kuugua. Shilingi 300 kwa mwezi ni 3,600 kwa mwaka, nazo ni kama shilingi 10 kwa siku. Simu ya kuzilipia anayo tayari mfukoni mwa aproni. Wabunge wabadilishe kifungu hicho, alipe kumi zake kila jioni akifunga kibanda, na ahesabiwe amelipa.